Kidole

Usiku ule Majengo nilijikunja kama jongoo,
nikailaumu achari ya Bi Mwanakhamisi.
Alfajiri wakanipasua. Kidole tumbo, wakasema,
kitu kisicho na kazi.
Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Siku ya kumi na tisa, simu.
Daktari Nyamvula, sauti ya chini kama ya mdaiwa:
maabara wameona uvimbe nchani,
mdogo kama mbaazi, wa aina adimu.
“Umetoka wote. Ila tutakuwa tukikuangalia.”

Kidole kimoja hakivunji chawa, husema watu.
Changu kilimficha wake,
kikajiuguza, labda makusudi,
ili nipasuliwe.

Sindano ilikuwa imenichoma. Sikuichomoa.
Nilikuwa nahesabu vidole:
kumi,
na kile cha chupani.