Loti Namba Kumi na Moja

Nilikununua mnadani, nyuma ya karakana ya reli:
wewe, jeki mbili mbovu,
na pipa la nati zilizoshikana kwa kutu zikawa kitu kimoja.
Dalali alikugusa kwa ncha ya kiatu, akasema,
"Hii inauzwa kwa uzito, si kwa uhai."
Nikalipa uzito.

Zamani ulisukuma kiberenge cha genge la njia,
Usoke, Urambo, Kaliua, hadi kule Nguruka,
wanaume sita na sururu zao juu yako,
nawe ukihesabu mataruma kwa kikohozi.
Silinda moja. Nguvu za farasi sita.
Kibati cha jina kimelika, imebaki herufi R.

Sikukutaka kwa mapenzi.
Nilikutaka kwa ajili ya Jumanne moja ya Machi:
mayai mia mbili sitini na manne kwenye mashine, siku ya kumi na tisa,
umeme ukaondoka saa nane mchana, ukarudi saa saba usiku.
Nilifunika mablanketi. Nilipanga chupa za maji ya moto.
Asubuhi niliyavunja moja moja juu ya ndoo.
Manyoya yalikwisha kuota.
Midomo ilikwisha kuelekea juu, tayari kugonga.
Watu wa Isevya walinipa pole ya biashara,
nikaipokea, ingawa haikuwa biashara peke yake.

Basi ukafunguliwa juu ya turubai.
Mageni, binti wa mchomeleaji wa Cheyo,
mwenye vidole vinavyofika pasipofikika,
alitoa kiota cha nyigu kwenye bomba la moshi,
akamwaga maji ya mvua yaliyolala kwenye oili.
Ringi na pistoni walikuwa wameng'ang'aniana
kama ndugu waliogombea shamba.
Tukawalowesha mafuta ya taa siku nne, wakaachana.
Nozeli ilikojoa badala ya kupuliza;
Mageni aliisugua mpaka ikatoa ukungu,
mwembamba kama pumzi ya mtu asubuhi ya Juni.

Dainamo niliipata kwa madebe mawili ya asali ya Sikonge.
Hesabu ya puli niliipiga kwa mkaa ukutani:
wewe mizunguko elfu moja, yeye elfu moja mia tano,
puli yako iwe kubwa mara moja na nusu.
Ukuta ulikubali.
Mkanda haukukubali: uliteleza, ukanuka, ukachomoka, ukampiga bata.
Tukaukaza. Volti zikapanda mia mbili tisini,
balbu ikawaka kama kiyama, kisha hapakuwa na balbu.
Tukailegeza springi ya gavana
nusu mzunguko, robo, unywele.

Halafu, siku kumi na tisa, umeme haukukatika.
Mayai mapya yakiwa ndani, wewe kibandani na mpini wako,
nikaivizia taa ya sebuleni kama ninavyovizia mdeni.
Niliichukia kwa kuwaka.

Usiku wa ishirini, saa tatu kasorobo,
Isevya yote ikazimika kwa mpigo mmoja.
Nikatoka pekupeku. Nikainua kile kishikizo cha kukuachia pumzi,
nikazungusha, nikazungusha, bega likalia,
nikakiangusha:
tu.
Tu, tu.
Kisha tutututu mpaka bati likatetemeka.
Nikageuza swichi kubwa, kutoka kwao kuja kwetu.
Kipimajoto kilisita kwenye thelathini na saba,
kikawaza, kikapanda.
Bi Tausi aligonga ukuta kulaani kelele;
baadaye akapitisha simu yake juu ya ukuta, na chaja.

Alfajiri wakaanza kugonga wao, kutoka ndani.
Mia moja themanini na saba, malofa, wenye usingizi.
Saa mbili umeme ukarudi. Nikakuzima.

Na wote wakalia kwa pamoja:
hawajawahi kuishi duniani bila wewe.

Nikasimama na mpini mkononi,
nikipiga hesabu ya lita.