Nusu Kikombe

Fomu ilikuwa na nafasi ndogo: UZOEFU, MIAKA MINGAPI.
Nikaandika kumi na moja.
Bwana Kisamo akavua miwani, akaivaa tena.
"Kumi na moja wapi, dada Aikande?"
Hapa hapa, nikasema. Wodi namba sita,
kitanda cha dirishani, chenye mguu uliofungwa waya.
Hakucheka. Akagonga muhuri.

Sasa nina kitambulisho shingoni.
Picha imetoka na uso wa mtu aliyeitwa ghafla.
Chini wameandika: Msaidizi Rika.
Mama, kule Kibosho, neno lilimkwaza.
"Rika gani? Wenzako si wameshaolewa wote?"
Ni wale niliovuka nao mto, mama.
Hakuuliza mto upi.
Alikuwepo ukingoni, ameishikilia kanga yangu.

Nina ufunguo pia.
Mlango ule wa kijani, niliokuwa nikiupiga kwa viganja
mpaka Sista Filotea aje na sindano,
leo naufungua kutoka nje.
Kila asubuhi mkono husita kidogo
kama wa mtu anayepiga hodi kwake mwenyewe.

Ndani yupo Epimaki, kijana wa Kiborloni,
fundi redio aliyeanza kunasa stesheni zisizo na mnara.
Siku nne hajasema na mtu.
Daktari anauliza: unalala? unakula? unasikia nini?
Mimi siulizi. Najua jinsi maswali yanavyoingia ndani
bila kuvua viatu.
Nakaa benchini. Ni mwezi wa sita, Moshi ina baridi,
mlima haujaonekana tangu Jumapili.
Namimina chai, nusu kikombe.
Anatazama.

Nusu, namwambia, kwa sababu ya dawa.
Ukijaza, mkono utatikisika, itakumwagikia mapajani,
nao watasema: mwone, hata chai imemshinda.
Nusu, halafu nusu nyingine.
Tumbo halijui hesabu.

Hilo halimo kwenye kitabu cha daktari.
Wala hili: mdomo ukikauka, mumunya ndimu.
Ukienda Mbuyuni sokoni saa saba, fuata kivuli cha maduka,
jua humchoma zaidi anayemeza vidonge vile.
Na jirani akikuita chizi, jibu kwa sauti ya chini;
yeye akifoka ana hasira,
wewe ukifoka umeanza tena.

Kuyajua hayo kulinigharimu genge la mboga,
mchumba, na meno mawili ya mbele.
Wengine wana cheti ukutani. Mimi nina pengo.

Nisidanganye, lakini.
Posho ni elfu kumi kwa siku, na huchelewa.
Wauguzi wapya hufunga zipu za mikoba
ninapoingia chumba cha chai.
Na Jumanne iliyopita nililala saa mbili tu,
mawazo yakanikimbia
kama maji ya mfereji yaliyofunguliwa usiku kwenda migombani.
Nikamfuata Sista Filotea kwa miguu yangu.
Leo, nikamwambia, nishike mimi.
Akavuta kiti. Akapima presha. Akakaa.
Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, unagonga paja.
Hakuniomba niurudishe.

Mwisho wa mwezi nilisaini malipo.
Katika daftari la zamani yupo kaka yangu,
amesaini kwa niaba ya mgonjwa,
mwandiko mzuri, umenyooka.
Wangu umepinda, unatetemeka, umetoka nje ya mstari.
Mhasibu akaukubali.

Leo Epimaki amenyanyua kikombe kwa mkono mmoja,
akanywa, akakitazama kitako chake muda mrefu.
Nilidhani atalia.
"Sukari haitoshi," akasema.
Nikainuka kwenda kuitafuta.