Kwa Penseli

Kwenye vichupa tunaandika kwa penseli,
kwa sababu spiriti hula wino,
na samaki asiye na jina la mahali
ni kitoweo tu.

RUT moja, RUT mbili, RUT tatu.
Kipande cha pezi, kama ukucha wa mtoto.
Mkasi, kibanio, kichupa, kifuniko.
Kisha namrudisha ziwani
na pengo mkiani
na hasira zake.

"Litaota tena?" anauliza shangazi Somoe,
beseni kiunoni, anahesabu hasara.
Litaota, shangazi.
"Basi afadhali yeye," anasema,
na kucheka kwa upande wenye meno.

Shangazi hajui neno vinasaba.
Anamjua perege wa Rutamba kwa kidole gumba:
anambonyeza nyuma ya shavu,
anamsoma mkia kama anayesoma risiti.
"Huyu wetu. Huyu wetu. Huyu..."
anasita.
Mkia una mistari iliyosimama kama nondo za dirisha,
lakini mdomo ni wa hapa, kidevu ni cha hapa.
"Huyu sijui kazaliwa na nani."

Sato aliingia mwaka wa mafuriko.
Hemedi Chilumba alimleta kwa pikipiki,
vifaranga mia nane katika mifuko ya nailoni
iliyojazwa hewa kama maputo ya arusi.
Akachimba bwawa nyuma ya mikorosho.
Hakuwa na ubaya. Alikuwa na watoto watatu sekondari
na kipeperushi cha mafunzo.
Mvua ya Machi ikachukua bwawa,
kuta, vifaranga
na kipeperushi.

Na mimi ni nani wa kupima?
Baba Mmwera wa hapa hapa,
mama Mjita, alishuka Lindi na sanduku la uuguzi.
Mashemeji walimwita Sato mpaka siku ya arusi.
Mistari ya mkiani ninayo mimi.
Nikiandika "chotara" kwenye daftari
ncha ya penseli huvunjika.

Lakini watu tuliketi jamvini, tukaulizana majina.
Samaki hawaulizani.
Mkubwa humfukuza mdogo kiotani,
na baada ya vizazi kadhaa ziwa zima lina sura moja,
na siku maji yakichacha
sura moja hufa siku moja.
Bibi alitundika darini mtama wa aina tano,
mmoja mchungu, hata ndege waliukwepa.
Tulimcheka.
Mwaka wa njaa
tulikula ule mchungu.

Majibu yalinikuta juu ya kichuguu,
pekee panaposhika mtandao.
Ziwani: wamechanganyika, wengi kupita nusu.
Kidimbwi cha nyuma ya shule,
kile cha kufulia sare, kisichokuwamo kwenye ramani,
nilichokiandika KID tu kwa penseli butu:
bado.
Mle mna herufi ambazo ziwa limekwisha zisahau,
zimebebwa na visamaki vya kiganja, miba mitupu,
ambavyo shangazi huviita mboga ya paka.

Jioni Hemedi akapita,
mfuko mwingine wa nailoni unahema mgongoni mwa pikipiki.
"Kile kidimbwi cha shule," akasema,
"si hakina mwenyewe?"

Nikatafuta neno.
Nina shahada ukutani; neno sikuwa nalo.
Shangazi akapangusa kisu kwenye kanga.
"Kina wenyewe," akasema. "Wamo ndani."

Hemedi akacheka, akapiga kiki.
Vumbi likatulia kabla yetu.
Tukabaki tunasikiliza ile injini,
pale njia panda ya shule,
kama itapunguza gia.