Nguzo ya Tisa

Bi Entwistle ametuandikia kwa wino, karatasi ya mistari:
Ukuta wenu unaguna.
Si malori. Malori ya barabara kuu nimelala nayo miaka thelathini.
Ni sauti moja, kama mtu aliyefumba mdomo akitafuta wimbo,
na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, hupanda kidogo.

Anwen, msimamizi wangu, aliisoma mara moja, akanisukumia.
"Wako huyu, Mwadime. Anza na mpaka."

Mpaka ndiyo hesabu yetu yote.
Hatuifukuzi sauti angani: anga ya Stockport haina ukomo,
na kompyuta ya idara ina kumbukumbu ya kuku.
Tunaihoji ngozi ya kitu tu:
wimbi limekugusa wapi, kwa nguvu gani, ukalirudisha vipi?
Ngozi ikishajibu, kote kwingine kunajulikana,
hata dirisha la chumba cha kulala, nyumba namba kumi na nne.

Basi nikaukata ukuta pembetatu pembetatu,
sita kwa kila urefu wa wimbi, si pungufu:
mbao, nguzo, ukingo wa juu
ambapo sauti hujikunja kama mtu achunguliaye kwa jirani.
Nikaweka sharti: kilichotawanyika kiende, kisirudi;
huko mbali kusiwe na wa kukijibu.
(Nilipoliandika sharti hilo nilimkumbuka mama,
simu yake ya Jumapili, na zile sekunde mbili
kabla sauti yangu haijamfika Voi.)

Kwenye masafa mia tatu na kumi na mbili, jibu likalipuka.
Anwen hakushtuka. Alichora duara ubaoni, akaligonga katikati.
"Umeuliza habari za nje, mlinganyo umekujibu za ndani."
Nikacheka, maana hilo nilifundishwa kabla ya kujumlisha:
debe tupu haliachi kuvuma.
Ukichora kitu kwa ngozi peke yake, ndani hubaki uwazi,
na uwazi una noti zake,
hata kama ndani hamna hewa, hamna mtu, hamna ndani.

Dawa ipo. Unachukua mlinganyo wa pili,
nao una masafa yake ya uongo, mengine,
unauchanganya na wa kwanza kwa namba ya kufikirika,
ile ambayo mraba wake ni deni.
Waongo wawili wasiodanganya saa moja,
ukiwasimamisha pamoja, husema kweli.
Kilele kikafutika. Mchoro ukalala kama shuka iliyopigwa pasi.
Nikamwandikia: hakuna mguno. Samahani kwa usumbufu.

Akajibu mstari mmoja:
Njoo usiku, uvae viatu vya matope.

Novemba. Tochi yangu, kijiko chake cha supu.
Alitangulia akigonga nguzo za chuma, moja baada ya moja,
ti, ti, ti, bila kusema neno,
na ya tisa ikaitika: duu.
Kifuniko chake cha plastiki kilikuwa kimechukuliwa na upepo.
Nikatumbukiza fimbo: chini maji ya mvua,
juu ya maji hewa, sentimita themanini,
na upepo wa malori ukipita mdomoni mwake kama mpuliza chupa.
Nilihesabu kwa vidole. Mia na saba.
Maji yakipanda, hewa hufupika; hewa ikifupika, noti hupanda.
Alikuwa ameniandikia hesabu nzima kwa wino.

Hayakuwa masafa yale niliyoyafuta.
Ningependa yawe na undugu; hayana.
La uongo lilikuwa langu, la kweli lilikuwa lake,
nami nilikuwa nimezichora nguzo zote zimefunikwa,
kama zilivyo kwenye ramani ya mkandarasi.

"Sasa unaisikia," alisema. Haikuwa swali.

Nilirudi ofisini nikiwa na soksi mbichi.
Kwenye skrini, juu ya nguzo ya tisa,
nilifuta pembetatu kumi na mbili,
na kwa mara ya kwanza mvua ikapata pa kuingilia.