Fomu ya Mwezi

Saa kumi na nusu adhana hutuamsha,
ya msikiti wa nyuma, ukuta kwa ukuta na jiko letu.
Baba Lusekelo hutafuta miwani, kisha meno, kisha Biblia.
Mimi hutazama kwanza kama maji yametoka.
Yakitoka, sala husubiri ndoo saba zijae.
Mungu, namwambia, bei ya boza Wewe unaijua.

Tulitoka Tukuyu na masweta manne na blanketi la harusi.
Yamelala sandukuni, yananuka baridi ya kwetu;
siku nyingine nafungua kifuniko, nanusa, nafunga.
Miaka miwili tu, walisema ofisini Jimboni,
kanisa la Mbagala limepungukiwa wazee.
Wazee! Uzee tulikuwa nao tele,
magoti ni shahidi, presha ni shahidi.

Asubuhi nafagia kanisa, naokota yaliyobaki Jumapili:
kifungo, karatasi za pipi, hereni moja,
shilingi mia iliyolikwepa kapu la sadaka.
Yeye kaketi benchi la kwaya na daftari za kipaimara,
kalamu nyekundu, ualimu haujamtoka kidoleni.
"Samsoni," kaandika mtoto mmoja,
"alinyolewa na mwanamke saluni."
Akampa nusu alama.
Nikasema mpe zote.
Hatukusemeshana mpaka chai.

Mama Zuhura kapitisha bakuli juu ya ukuta, maharage ya nazi.
Bakuli la mtu halirudi tupu.
Nimemtilia ndizi, za mwisho katika mkungu uliokuja na basi,
naye kapaza sauti kutoka upande wa pili:
"Hizi ndizo mnazopika na maziwa? Mtatuua!"

Jumatano ni siku ya Bwana Mbonea.
Tangu amzike mkewe hajakanyaga kanisani.
Wiki kumi na moja tumegonga geti lake la bati,
tumekaa juu ya tofali, tumeimba ubeti mmoja, tumeondoka.
Wiki ya sita aliongeza sauti ya redio.

Leo geti limefunguka kabla hatujagonga.
Hakusema karibuni. Kashika simu,
jicho moja lina ukungu, la pili linamfuata mwenzake.
"Mwalimu, nisomee hizi namba. Niko gizani tangu Jumapili.
Vijana wa hapa ukiwapa simu, hela inahama."

Tarakimu ishirini.
Baba Lusekelo akasimama mbele ya mita, akavua kofia,
akazisoma nne nne, kwa sauti ileile
anayosomea Zaburi, nami nikabonyeza.
Mara ya kwanza zikakataa: sita yake ilikuwa nane.
Tukarudia toka mwanzo.
Friji likakohoa. Feni ikaamka na utando wa buibui wake.
Mezani, chini ya taa, vikombe viwili,
kimoja kimekaushia majani ya chai ndani, kina vumbi.
Hakuna aliyekigusa.

Tukaketi. Akazungumzia bei ya nyanya.
Nasi tukazungumzia bei ya nyanya.
Hatukusali. Nilimwona mume wangu akifungua mdomo
mara mbili, na mara mbili akauliza habari za vitunguu.

Usiku, fomu ya Jimbo:
Nyumba zilizotembelewa. Waliorudi kundini. Maoni.
Kwenye nyumba kaandika idadi.
Kwenye waliorudi kashikilia kalamu
mpaka nikawasikia mbu nje ya chandarua.
"Andika uniti," nikamwambia.
"Uniti ngapi?"
"Ishirini na nane nukta mbili. Niliziona,
wewe ulikuwa unatafuta kofia, nayo iko mkononi."

Hakucheka. Kaacha pengo lilivyo,
kaweka meno kwenye glasi.
Sasa anataka feni izimwe, ati kifua.
Mimi mwili unawaka.
Tutaiweka namba moja, kama jana,
ielekee ukutani.