Leja ya Hombolo

Mimi ndiye niliyeshika leja, miaka kumi na minane,
kalamu nyekundu ya madeni, ya bluu ya malipo,
na ya bluu haikuwahi kuisha wino.

Andika, Mdachi, alinihimiza Mbeleje Chilewa,
andika hata kama ni mbuzi.
Nikaandika.
Mama Nyemo: madebe mawili ya uwele, moja lina mchanga.
Mzee Lungwa: zabibu kreti tatu,
ziuzwe kabla ya Jumatano, zimeanza kutoa maji.
Baba wa mapacha wa Ipala: siku tano za kuchimba choo.
Mkaguzi alitaka matundu kumi na mawili.
Tulikuwa na manne,
na moja lilikaliwa na nyuki.

Kabla ya shule kulikuwa na Jumamosi.
Alikuwa karani wa posta mjini, huyu Mbeleje,
akija kwa lori la mchanga, kitenge kimefunikwa vumbi,
kufundisha wasichana ngoma za bibi zao.
Nauli yake, chai yake, sauti yake iliyokauka.
Ngoma hubanwa kwa magoti, aliwaambia,
kama mtoto anayekataa dawa.
Mbane, lakini usimuumize.
Ngozi zilikazwa kwa moto wa mabua
na mbwa wa kijiji kizima walijua ni saa ngapi.

Siku moja aliwagawia karatasi ya zamu,
nani apige, nani aimbe, nani alete kuni.
Wendo aliishika juu chini.
Alikuwa darasa la tano.
Mbeleje hakusema kitu. Aliigeuza ile karatasi
taratibu, mikononi mwa mtoto,
na mwezi uliofuata akauza shamba la mizabibu la baba yake,
eka moja na nusu, mashina yenye umri kuliko mimi.

Vyumba vitatu vya tembe. Udongo chini, udongo juu.
Mvua ya kwetu haiji, na ikija haibishi hodi:
darasa la pili lilisoma Machi nzima chini ya turubai.
Watu walisema, shule ya kulipia, huku?
Ametupigia ngoma ili atuuzie daftari.
Alisikia. Niliona shingo yake ikisikia.

Sitaficha mwaka wa njaa.
Barua arobaini na moja niliziandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri:
mwanao abaki nyumbani hadi ada ikamilike.
Sahihi ni yake.
Ijumaa wakaondoka na mabegi.
Jumamosi wakarudi wote,
kwa sababu Jumamosi haikuwa na ada,
wakakaa, wakabana ngoma, wakamtazama.
Alipiga nao mpaka jua likaingia machoni.
Jumatatu walikuwa mstarini, arobaini na moja,
naye akanijia na kusema, Mdachi, hesabu upya.
Nikahesabu upya.
Walimu hawakulipwa miezi miwili. Mwalimu Sichone aliondoka
na boksi zima la chaki, wala simlaumu.

Sasa amezikwa, na wamekuja wanunuzi kutoka mjini,
viatu vyao bado vyeupe.
Kijana mwenye kikokotoo anapekua kurasa zangu.
Hizi Jumamosi, anauliza, ziko safu gani?
Hakuna safu. Kuna pembeni tu,
kiduara cha penseli kwa kila Jumamosi aliyokuja,
mia nane na sitini na tatu.
Cha mwisho nilikichora Mvumi, wodini,
vidole vyake vikipiga blanketi,
na mgonjwa wa kitanda cha pili akitikisa mguu bila kujua.

Hii ni sifuri? anauliza kijana.
Hapana, namwambia. Ni uso wa ngoma.
Ananitazama kwa heshima, kama watu watazamavyo wazee.
Kisha anaandika sifuri.