Daftari la Mali, Ukurasa wa Kumi na Tisa

Mashine ya kufyekea nyasi, nyekundu, ya dizeli:
nimeipigia mstari kwa rula. Imeuzwa.
Miaka kumi na mmoja iliunguruma juu ya wafu wa Vale de Azinhais,
lita arobaini kwa wiki,
risiti zake zinanuka hadi leo ndani ya droo yangu.

Mahali pake, kwa kura tano dhidi ya nne,
halmashauri imenunua kondoo kumi na wawili.

Diwani Deolinda ndiye aliyesimama na hoja.
Alitukumbusha Agosti ile, moto ulivyopanda kilima
ukala mizeituni ya watu, ukala na banda la nyuki.
Cheche moja tu, alisema. Jiwe,
na kisu cha mashine yetu wenyewe.
Ukumbi ukawa kimya, mtu akafunga dirisha.
Wanne wakapinga hata hivyo.

Fomu haina mahali pa kondoo.
Aina: gari, samani, au mtambo?
Nikaandika mtambo.
Mwaka wa kutengenezwa: nilikisia kwa meno.
Mafuta: majani.
Norberto wa idara ya fedha alicheka hadi miwani ikamdondoka,
kisha akauliza, kwa sauti yake ya kazini,
uchakavu wao ni asilimia ngapi kwa mwaka.

Si kwamba mambo ni shwari.
Mjane Felismina ameleta malalamiko, pande zote mbili za karatasi,
kama tulivyowaagiza wananchi:
nambari saba amekula krisantemi za mumewe
siku mbili tu baada ya Siku ya Marehemu Wote,
na utepe pia.
Nilimjibu kwa barua, muhuri na kila kitu.
Akaja mwenyewe, akasimama mlangoni na mwavuli wake.
"Marehemu hakupenda maua," akasema.
"Lakini ningeulizwa."

Mali bila daftari huisha bila habari,
kwa hiyo kila Ijumaa navaa buti, napanda kuhesabu.
Ijumaa iliyopita ukungu ulikuwa umelala juu ya misalaba
nami nikapata kumi na watatu.
Nikarudi langoni, nikaanza upya.
Kumi na watatu. Wa mwisho bado ana unyevu,
magoti yake yanabishana,
amekanyaga jina ambalo kuvu limeshalifuta.

Ile nyekundu, kwa miaka yote ile,
haikuwahi kujiongezea hata parafujo.

Daftari lina safu ya kilichovunjika,
ya kilichoibwa, ya kilichochakaa.
Norberto anasema tumsubiri mkaguzi, atafika Machi.
Machi ni mbali, na huyu ananyonya sasa.
Nimemwingiza pembeni, kwa penseli,
nje kidogo ya mstari:
nambari kumi na tatu.
Bei: hakuna.
Hali ya kifaa: amesimama,
ameanguka,
amesimama.